Kabla Hujasema Watoto Wameendelea: Namna ya Kupima Ubora wa Takwimu za Makuzi

Kila Novemba meza yangu hapa Dodoma hufunikwa na fomu. Zinatoka kwenye vituo vya kulelea watoto, madarasa ya awali na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanaozileta na wanaozisubiri wanataka kujua jambo moja: watoto wameendelea? Swali hilo lina kaka yake mkubwa ambaye tunampita njiani bila kumpa shikamoo: hizi namba zenyewe ni nzima?

Tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita PJT-MMMAM, izinduliwe hapahapa Dodoma Desemba 2021, fomu za watoto wa miaka 0 hadi 8 zimekuwa nyingi: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Mwongozo huu ni kwa anayezipokea, awe mratibu wa halmashauri, mwalimu mkuu au msimamizi wa mradi. Ubora wa takwimu si suala la hisia. Unahesabika, tena unaweza kuuhesabu kabla hujagusa matokeo yenyewe. Unahitaji Excel, daftari, kalamu nyekundu na nauli ya bodaboda ya kurudi kijijini.

1. Andika kwanza sentensi utakayoisema mwishoni

Andika kwenye karatasi sentensi moja ambayo ungependa kuiambia halmashauri au kikao cha wazazi. Mfano: "Watoto wa miaka mitano katika vituo vyetu vya Chamwino wanatambua herufi nyingi zaidi Novemba kuliko Januari." Kisha pigia mstari: watoto gani, wa umri gani, kitu gani, lini na lini. Kila penye mstari ndipo takwimu zinapoweza kuoza, na ndipo utakapochokonoa.

Sentensi hiyo itakusaidia pia kuchuja. Vikombe vya uji vilivyogawiwa na walimu waliopewa semina ni kazi mliyoifanya. Mtoto anayeweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, hayo ndiyo matokeo. Ripoti nyingi ninazosoma zina kurasa kumi za yale ya kwanza na aya moja ya haya ya pili.

Halafu angalia msimu. Huku kwetu mavuno ni kati ya Mei na Julai, na miezi migumu ni ile ya Desemba hadi Machi, ghala limekwisha na mtama ungali shambani. Ukipima uzito Januari ukarudia Juni, watoto watanenepa hata kama mradi wako ulilala usingizi. Uzito ulinganishe Januari kwa Januari.

2. Hesabu wasiokuwepo kabla ya waliopo

Shika rejista ya uandikishaji, usishike orodha ya waliopimwa. Tuseme kituo kiliandikisha watoto 120. Januari wakapimwa 104. Novemba wakapimwa 97, na mwalimu akaandika kwamba amefikia asilimia 81. Lakini kati ya hao 97, watoto 14 ni wageni walioingia katikati ya mwaka. Wenye vipimo vyote viwili ni 83, yaani asilimia 69 ya walioandikishwa. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Usiishie hapo. Watoto 21 walipimwa Januari na hawakuonekana Novemba, na alama zao za mwanzo unazo. Linganisha wastani wao na wa wale 83. Ukikuta hao 21 walianza na herufi 4 na waliobaki walianza na herufi 7, basi kituo kimepoteza waliokuwa nyuma. Wastani wa Novemba ungepanda hata kama hakuna mtoto aliyeongeza herufi moja. Kwetu hili si jambo la kufikirika. Zipo familia za Kongwa zinazofuata mashamba Kiteto na za Bahi zinazofuata malisho, na watoto huenda nao. Anayebaki kituoni hadi Novemba mara nyingi ni mtoto wa mwenye duka au wa mtumishi.

Nchini Marekani majimbo hutakiwa kutoa taarifa ya watoto wadogo wenye ulemavu wanapoingia na wanapotoka kwenye huduma, katika maeneo matatu: hisia na mahusiano, maarifa na stadi, na namna mtoto anavyojitimizia mahitaji yake. Mengi hutumia skeli ya 1 hadi 7. Hata huko, kwenye kompyuta nyingi na wataalamu wengi, moja ya hesabu za mwanzo ni hiihii yetu ya rejista: kati ya waliotoka, wangapi wana alama ya kuingia na ya kutoka?

3. Chunguza umri kama unavyochunguza fedha

Kama una siku moja tu ya kukagua, itumie hapa. Umri ukikosewa, kila kipimo kinachofuata kimekosewa.

Chukua mtoto wa kiume mwenye urefu wa sentimita 85.0. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, akiwa na miezi 24 yuko vizuri, kwa sababu mstari wa udumavu wa umri huo, yaani urefu ambao chini yake mtoto huhesabiwa amedumaa, uko kwenye 81.0. Akiwa na miezi 30 mstari uko kwenye 85.1, kwa hiyo mtoto huyohuyo, kwenye ubao uleule wa kupimia, amedumaa. Miezi sita ya mama kusahau imemhamisha. Kumbuka kwamba tafiti za kitaifa zilikuta udumavu wa asilimia 34 mwaka 2015/16 na asilimia 30 mwaka 2022. Taifa zima limeshuka pointi nne kwa miaka saba. Umri uliokisiwa vibaya katika kata moja unaweza kukupa zaidi ya hizo pointi nne kwa siku moja, kupanda au kushuka.

Namna ya kukagua ni rahisi. Panga umri kwa miezi, kisha hesabu watoto wa kila mwezi. Miezi 23, 24 na 25 inapaswa kukaribiana. Ukiona 24, 36 na 48 zimesimama kama mibuyu katikati ya nyasi, ujue watu walikisia kwa miaka. Fanya hivyo pia kwa tarehe za kuzaliwa: tarehe 1 na 15 zikijaa kupita kiasi, kuna mtu alikuwa anajaza nafasi.

Tiba huanza kwenye fomu. Weka kisanduku kinachosema umri ulitoka wapi: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kalenda ya matukio au makisio ya mzazi. Kadi iombwe ionekane kwa macho. Mama akisema kadi ililoa mvua ilipovuja tembe, usimkaripie; toa kalenda ya matukio. Kalenda nzuri inachanganya ya taifa na ya kijiji. Ya taifa: Machi 2021, mwili wa Rais Magufuli ulipoagwa hapa Dodoma, sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam, uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Ya kijiji mtaitengeneza na wazee na mwenyekiti wa kitongoji: kisima kilichimbwa lini, mwaka gani uwele uliliwa na ndege ukaisha, jando la mwisho lilikuwa lini. Mama ambaye "hajui" tarehe atakwambia bila kusita kwamba siku ya sensa alikuwa na ujauzito mkubwa na karani alimkuta anapepeta karanga.

Kisha hesabu asilimia ya watoto ambao umri wao umetoka kwenye karatasi. Ikiwa chini ya nusu, mimi siandiki udumavu kwa kituo hicho. Naandika uzito kwa urefu, ambao hauhitaji umri.

4. Tazama tarakimu ya mwisho

Urefu huandikwa kwa sentimita na nukta moja: 85.3, 91.7. Mungu hakuumba watoto wa nusunusu. Katika watoto 200, kila tarakimu ya mwisho, kuanzia 0 hadi 9, ingetokea karibu mara 20, kwa hiyo 0 na 5 kwa pamoja karibu mara 40. Ukipata 97, mtu alikuwa anakadiria. Kwenye Excel, urefu ukiwa safu ya C, andika =RIGHT(TEXT(C2,"0.0"),1) kwenye safu mpya, ishushe hadi chini, kisha hesabu kila tarakimu kwa COUNTIF. Ni kazi ya dakika tano.

Mwaka mmoja nilipata faili la kituo kimoja, watoto 31, na kila urefu uliishia na 0 au 5. Nikaona nimeshika mtu anayepika takwimu. Nikapanda pikipiki nimenuna njia nzima. Nilipofika, mwalimu alinipokea vizuri, akanionyesha anapopimia: futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, imegongomelewa ukutani kwa misumari miwili. Ilikuwa imefifia, mistari midogo haisomeki, kwa hiyo alisoma ile minene tu. Na sakafu chini yake ilikuwa imetitia, hivyo futi ilianzia karibu vidole viwili juu ya ardhi. Alikuwa amepima kila mtoto kwa uaminifu kabisa. Ubao wa kupimia tulimwahidi sisi, na ulikuwa stoo kwetu, bado kwenye nailoni.

Tangu siku hiyo tarakimu ya mwisho kwangu ni sababu ya kwenda kuona, na sianzi tena kwa kumshitaki mtu. Ukifika, kagua pia ubao wenyewe, mizani ikiwa tupu inasoma sifuri au la, na kama walio chini ya miezi 24 wanalazwa. Mtoto akilazwa hutoka mrefu kidogo kuliko akisimama, na viwango vya kimataifa huhesabu tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Ukiwachanganya bila kuandika nani alilala na nani alisimama, umepoteza.

Angalia pia mtawanyiko, yaani namba zimesambaa kiasi gani kuzunguka wastani wake. Ingiza vipimo kwenye WHO Anthro, programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani, ikupe alama za Z, zinazoonyesha kila mtoto yuko mbali kiasi gani juu au chini ya mtoto wa kati wa viwango, kisha tumia fomula ya STDEV kwenye Excel kupata mtawanyiko wa alama hizo. Kwa uzito kwa urefu, mtawanyiko mzuri hukaa kati ya 0.8 na 1.2. Ukizidi hapo, vipimo vina kelele. Ukiwa mdogo mno, kuna aliyenakili. Alama ya urefu kwa umri iliyozidi 6 juu au chini ya sifuri karibu kila mara ni kosa la kuandika. Irudishe kwenye fomu ya karatasi kabla ya kuifuta.

5. Watu wawili, mtoto mmoja

Vipimo vya stadi havina ubao wala mizani. Kipimo ni mtu. Kwa hiyo pima mtu. Waweke wapimaji wawili chumba kimoja, mmoja anauliza, wote wanajaza bila kuchunguliana.

Tuseme wamewatazama watoto 40 kwenye kipengele "anatambua angalau herufi kumi". Wote wawili wamesema ndiyo kwa watoto 22 na hapana kwa watoto 8. Kwa 6, wa kwanza kasema ndiyo na wa pili hapana. Kwa 4, kinyume chake. Wamekubaliana kwa 30 kati ya 40, asilimia 75. Inapendeza, lakini subiri. Wa kwanza amesema ndiyo kwa asilimia 70 ya watoto, wa pili kwa asilimia 65. Hata wangejaza wamefumba macho wangekubaliana mara nyingi tu: 0.70 mara 0.65 ni 0.455, na kwa upande wa hapana 0.30 mara 0.35 ni 0.105. Jumla 0.56. Toa hiyo bahati: 0.75 kutoa 0.56 ni 0.19, gawanya kwa kilichobaki cha kugombaniwa, yaani 1 kutoa 0.56, ambacho ni 0.44. Unapata 0.43. Hicho ndicho kipimo cha kapa, na wengi hutaka kiwe angalau 0.6.

Namba hiyo ikishakwambia kuna ugomvi, kaa nao uulize. Mara nyingi utakuta jambo dogo sana. Mpimaji mmoja anamkubali mtoto anayeimba a-e-i-o-u akiangalia dirishani. Mwenzake anataka mtoto aweke kidole kwenye herufi. Wote wanafuata mwongozo, ila mwongozo haukusema. Rekebisha sentensi, rudia zoezi kwa watoto wengine, hesabu upya. Saa nayo iandikwe: mtoto aliyepimwa saa tatu kabla ya uji na aliyepimwa saa tano baada ya uji si wa kulinganishwa kirahisi.

6. Uliza swali limesikika vipi

Dodoso la kimataifa linalotumika sana sasa, ECDI2030 la UNICEF, lina maswali 20 kwa mama au mlezi wa mtoto wa miezi 24 hadi 59. Moja linauliza kama mtoto anatumia sawasawa maneno kama "mimi", "wewe" au "yeye". Sasa fikiria Kiswahili chetu. Mtoto akisema "nataka maji", mimi yake imo ndani ya neno, wala hana haja ya kuitamka peke yake. Mama mkweli atajibu, "Hapana, hasemi mimi." Mpimaji asiyefundishwa ataweka hapana kwa mtoto anayeongea kama kasuku. Kwenye Kigogo na Kirangi mambo ni hayohayo, maana navyo ni vya Kibantu. Kwa hiyo mafunzo yaseme wazi: "nataka" na "unakula" vinahesabika.

Picha nazo zina yake. Nilikaa nyuma ya mpimaji kwenye kijiji kimoja cha Bahi, akamwonyesha binti wa miaka minne picha ya tufaha. Mtoto akaitazama, akasema, "Nyanya." Akawekewa kosa. Yule mtoto alikuwa amefikiri vizuri sana: kitu chekundu, cha mviringo, kina kikonyo. Badilisha picha, weka embe au kuku, na ujaribu kwanza kwa watoto wachache ambao hawamo kwenye utafiti wako.

Namna ya kuhesabu: kwa kila kipengele, tafuta asilimia ya waliopata. Kipengele walichopata wote au walichokosa wote hakikusaidii kuona maendeleo. Kisha gawa kwa lugha ya nyumbani. Ikiwa kipengele kimoja kina tofauti kubwa kati ya watoto wa Kigogo na wa Kiswahili, na vingine havina, shitaki kipengele kabla ya mtoto. Kwa Wasandawe wa Chemba usitegemee tafsiri ya papo kwa papo ya jirani aliyepita. Tafsiri iandikwe, mtu mwingine airudishe kwenye Kiswahili bila kuona ya mwanzo, mlinganishe.

7. Tafuta majibu yanayogombana

Mtoto anayeunda sentensi ya maneno matano lakini "hawezi" ya maneno matatu. Mtoto aliyezaliwa baada ya tarehe ya kupimwa. Mtoto aliyepungua urefu tangu Januari. Andika kanuni kumi za namna hii, hesabu fomu ngapi zimevunja angalau moja. Kama mnatumia vishikwambi na KoboToolbox, programu ya kujazia fomu kwenye simu au kishikwambi, kanuni ziwekwe ndani, na muda wa kuanza na kumaliza urekodiwe. Dodoso la dakika ishirini lililokwisha kwa dakika nne, fomu sita mfululizo, halihitaji mtaalamu.

8. Rudi kwa mmoja kati ya kumi, kisha jaza karatasi ya ubora

Chagua kwa kura, usichague walio karibu na barabara ya lami. Msimamizi, si mpimaji wa awali, arudi ndani ya wiki mbili, aulize maswali machache yasiyobadilika haraka: tarehe ya kuzaliwa, nani anaishi na mtoto, alihudhuria kituo au la, na apime urefu upya. Andika asilimia ya majibu yaliyofanana kwa kila mpimaji.

Majina yasizunguke kwenye barua pepe na makundi ya WhatsApp. Kila mtoto awe na namba, na daftari linalounganisha namba na jina lifungiwe kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa na watoto, na picha ya fomu yenye jina la mtoto "aliyedumaa" ikivuja kijijini, mama yake hatakufungulia mlango tena.

Karatasi ya ubora iwe ukurasa mmoja, mstari mmoja kwa kila kituo: asilimia yenye vipimo viwili, asilimia ya umri wa karatasi, sehemu ya tarakimu 0 na 5, mtawanyiko wa Z, kapa, fomu zilizovunja kanuni, majibu yaliyofanana kwenye marudio. Ibandike mbele ya ripoti, isiwe kiambatisho cha nyuma. Kituo kilichoanguka usikifute kimyakimya. Kiweke na alama, toa wastani mara mbili, pamoja nacho na bila yake, msomaji aone tofauti. Na nakala ya mstari wake mwalimu aipate kwa mkono, mkae nayo dakika kumi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama sakafu imetitia.

Tarehe za marudio ziandikwe kwenye ratiba mapema, ziishe kabla ya Desemba. Mvua zikishaanza, njia za Bahi zinajaa maji, bodaboda wanapandisha bei mara mbili, na watu wote wako shambani na watoto wao mgongoni.